Sauti moja kwa dakika 90: uchambuzi wa kisa cha vuvuzela, Kombe la Dunia 2010

Tarehe 11 Juni 2010, dakika ya 55, Siphiwe Tshabalala alichomoka upande wa kushoto, akaachia shuti lililojaa kwenye kona ya juu ya wavu wa Mexico. Lilikuwa goli la kwanza la Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa Afrika, na ndani ya Soccer City, Johannesburg, walikuwamo watazamaji 84,490. Video yake bado ipo. Ukiipata, fumba macho usikilize sekunde kumi za kabla ya goli na sekunde kumi za baada yake. Sauti ya mtangazaji inapaa. Uwanja nao unapaa, lakini kidogo mno kwa goli la uzito ule, kwa sababu ulikuwa umeshapaa tangu watu wanaingia getini. Chini ya kila kitu kuna mvumo mmoja, kama wa mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe.

Mvumo huo ni wa vuvuzela, pembe ya plastiki ya mashabiki wa Afrika Kusini. Kisa chake kimezoeleka kusimuliwa kama ugomvi wa desibeli, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti: wenyeji wanapenda kelele, wageni hawazitaki. Hiyo ni nusu ya kisa, tena nusu nyepesi. Ukubwa wa sauti ni suala la masikio, lina vipimo vyake na lina kinga. Shamrashamra za majukwaani ziliharibiwa na jambo jingine: pembe yenye sauti moja tu iliwekwa mikononi mwa maelfu ya watu ambao hawakuambiwa na yeyote lini wapulize na lini wanyamaze.

Pembe yenyewe

Vuvuzela ya kawaida ni bomba la plastiki la sentimita 65 hivi, jembamba upande wa mdomo na linalopanuka taratibu hadi mwisho. Halina tundu la kidole, halina ulimi kama wa zumari, halina kitu kinachotembea ndani. Ni jamaa wa mbali wa baragumu, na msomaji wa pwani atakumbuka siwa, ingawa siwa hupulizwa ubavuni na vuvuzela hupulizwa nchani.

Nani aliyeibuni? Hapo kuna mvutano. Freddie Maake, shabiki mashuhuri wa Kaizer Chiefs, anasema aliianza mwaka 1965 kwa honi ya baiskeli: aling'oa mpira mweusi wa kubinya, akapuliza kwa mdomo, kisha akaiunganishia bomba iwe ndefu zaidi. Yake ilikuwa ya alumini. Kanisa la Shembe nalo likadai kuwa pembe hiyo ilitoka kwenye ibada zake. Aliyeipeleka kiwandani ni Neil van Schalkwyk wa Cape Town, ambaye kampuni yake, Masincedane Sport, ilianza kuzitoa za plastiki kwa wingi mwaka 2001. Kwa uchambuzi huu hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Pembe ya bati hutengenezwa moja moja, na kila moja hutofautiana kidogo na mwenzake. Pembe inayotoka kwenye kalibu hutoka na urefu uleule na upana uleule, kwa hiyo na sauti ileile, hata zikitengenezwa laki moja.

Sauti hiyo ni ya masafa ya hezi 233 au karibu na hapo, yaani midomo ya mpulizaji hufunguka na kufunga mara 233 kwa sekunde. Haiji peke yake. Kwa kuwa bomba limechongoka, juu ya sauti mama huzaliwa nyingine kwa mafungu kamili: 466, 699, 932, 1165, 1398, 1631, 1864, na kuendelea. Wanafizikia huziita hamoniki. Mpulizaji akikaza pumzi, zile za juu huongezeka nguvu kuliko zile za chini, mlio ukawa mkali wa kukwaruza. Sikio la binadamu husikia vizuri zaidi kati ya hezi 2000 na 5000, kwa hiyo mkwaruzo huo unaangukia karibu kabisa na mahali tunapoumia haraka.

Kuipuliza kuna ufundi mdogo ambao wageni wengi waliukosa siku ya kwanza. Anayepuliza kama anachochea jiko la mkaa hatoi kitu ila upepo. Midomo hubanwa kwenye pembe zake mbili na kuachwa ilegee katikati, kisha hewa husukumwa kwa mpigo hadi midomo yenyewe itetemeke, ule mlio wa mtoto anayecheza gari. Mashavu yasivimbe, yakivimba, pumzi inakwisha kabla ya sauti kutoka. Plastiki ikiwa ya baridi, sekunde chache za kwanza mlio huwa mzito na hushuka kidogo, halafu hupanda kadiri hewa ya mapafu inavyolipasha bomba joto.

Huko kushuka na kupanda ndiko kunakoleta ule mvumo wa nyuki. Sauti husafiri kasi zaidi kwenye hewa ya joto: kila nyuzi moja ya Selsiasi huongeza kama mita 0.6 kwa sekunde. Bomba lenye hewa ya nyuzi 5 na bomba lenye hewa ya nyuzi 25 hutofautiana kwa takribani asilimia 3.5, zaidi ya nusu ya hatua ndogo kabisa ya kinanda. Juni ni kipupwe Afrika Kusini. Kwenye jukwaa moja kuna aliyeanza kupuliza sasa hivi na aliyepuliza nusu saa. Mmoja anatoa hezi 233, mwenzake 236, na tofauti ya 3 husikika kama mtetemo wa mara tatu kwa sekunde. Jozi kama hizo zikiwa maelfu, mitetemo hupishana bila mpangilio. Kwa hiyo pembe zilitoka kiwandani mapacha, zikafika uwanjani zikakosana.

Masikio

Watafiti wa Afrika Kusini walipima vuvuzela kabla ya mashindano na kupata desibeli 113 kwa umbali wa mita 2. Katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo waliwafunga vipimo watazamaji 11 kwenye mechi ya ligi. Wastani wa sauti waliyoipokea ulikuwa desibeli 100.5 na kilele kilipita 140. Baada ya mechi usikivu wao ulikuwa umepungua kwa kiasi kinachopimika, hasa kwenye hezi 2000.

Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila nyongeza ya desibeli 3 hukata muda nusu. Fuata hesabu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni robo saa. Kwa wastani wa 100.5 mtazamaji ana kama dakika 13 kabla ya kumaliza posho yake ya siku nzima, na mechi pamoja na mapumziko haipungui dakika 105. Aliyekaa mita 2 mbele ya pembe moja, kwenye 113, anaimaliza ndani ya dakika moja.

Umbali husaidia, ila si haraka kama watu wanavyodhani. Kila umbali ukizidishwa mara mbili, desibeli 6 hupungua: 113 kwa mita 2, 107 kwa 4, 101 kwa 8, 95 kwa 16, 89 kwa 32. Wapulizaji nao hujumlishana: pembe 10 za karibu karibu huongeza desibeli 10 juu ya pembe moja, 100 huongeza 20. Ndiyo maana kusogea viti vitatu hakukumsaidia mtu. Pembe uliyoikimbia imepungua, na nyingine mbili umezikaribia.

Vizibo vya masikio vya sponji viliuzwa sana Afrika Kusini mwaka ule. Vinafanya kazi vikivaliwa sawasawa, na wengi hawavivai sawasawa. Kisokote kizibo kwa vidole viwili hadi kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke. Kisukume ndani, kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kikivimba. Kikionekana chote kwa mtu anayekutazama kutoka mbele, hakijaingia. Paketi inaweza kuandika desibeli 33, lakini kwa mtu wa kawaida uwanjani hesabu nusu yake, 15 hivi. Hizo 15 zinatosha kuishusha 100 hadi 85. Kwa mtoto mdogo sponji haikai. Anahitaji vifuniko vya masikio vya kuvaa kichwani.

Kuna jambo la pili la kiafya ambalo halikuzungumzwa mwaka 2010 kama lilivyostahili. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine waliwapa watu 8 wapulize, wakahesabu vitone vinavyotoka mdomo mpana: takribani milioni 4 kwa sekunde, wakati mtu anayepiga kelele hutoa 7,000 hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Mwenye mafua asiipulize kati ya watu, na pembe moja isizunguke midomoni mwa marafiki watano.

Uwanjani na kwenye benchi

Mwaka mmoja kabla, kwenye Kombe la Mabara la Juni 2009, Xabi Alonso, kiungo wa Hispania, alishataka vuvuzela zipigwe marufuku. Mwaka 2010 Patrice Evra aliilalamikia baada ya Ufaransa kutoka 0-0 na Uruguay, na Lionel Messi alisema ni kama kuwa kiziwi. Ni rahisi kucheka, hasa timu ikiwa imecheza vibaya kama Ufaransa ile, ila hesabu inawatetea. Mtu akipaza sauti kwa nguvu zake zote hafiki mbali na desibeli 100 kwa mita moja. Kwa mwenzake aliye mita 20 zinabaki kama 74. Majukwaa yakimwaga hata 85 tu katikati ya uwanja, neno "man on" au "nyuma yako" limezama. Tena sauti ya mwanadamu na vuvuzela zinagombania masafa yaleyale: irabu zetu zinaishi kati ya hezi 200 na 3000, na hapo ndipo hamoniki zote nzito za pembe zilipojipanga. Kipa anayepanga ukuta kwa mdomo alilazimika kuupanga kwa mikono.

Kipyenga kilinusurika zaidi. Kile cha plastiki kisicho na gololi, kinachotumiwa na waamuzi wengi, hutoa desibeli zipatazo 115, na mlio wake uko karibu na hezi 3000 hadi 4000, juu ya eneo ambalo pembe zimejazana. Waamuzi pia walikuwa na vifaa vya mawasiliano masikioni na vibendera vya wasaidizi vyenye kitufe cha kumshtua mwamuzi wa kati. Wachezaji hawakuwa na kitu cha namna hiyo.

Kilichoshindikana kwenye redio na televisheni

Mamilioni walikisikia kisa hiki kupitia spika, na huko ndiko majaribio mengi ya kuuondoa mlio yalikofanyika. Mengi yalifeli, na sababu zake zinafaa kuangaliwa moja moja.

Siku za mwanzo kabisa ilisambaa mtandaoni dawa ya kutumia vichujio vyembamba vinne, kila kimoja kikikata masafa yake: 233, 466, 932 na 1864. Tazama namba hizo vizuri. Kila moja ni maradufu ya iliyotangulia, kwa hiyo 699, 1165, 1398 na 1631 zimeachwa zipite. Mlio unapungua uzito na unabaki na ukali wake. Aliyeongeza vichujio hadi vinane au kumi alikutana na tatizo la pili: pembe haziko kwenye 233 kamili, zimetawanyika kwa sababu ya joto na midomo, kwa hiyo kila mkato ulipaswa kuwa mpana. Ukiupanua, unakata sauti ya mtangazaji pamoja na pembe, na anabaki anasikika kama anazungumza ndani ya pipa. Watafiti wa Queen Mary, London, walitengeneza programu yenye mbinu hiyohiyo kwa akili zaidi; nayo ilibanwa na ukuta huohuo, kwamba mtazamaji wa nyumbani anapokea mchanganyiko ambao sauti ya mtu na mvumo wa uwanja vimeshafungwa pamoja.

Dawa nyingine ilikuwa hadaa tupu. Faili la sauti liliuzwa kwa takribani euro 3 kwa ahadi kwamba ukilicheza kwenye redio ya sebuleni litaifuta vuvuzela ya kwenye televisheni. Mawimbi mawili hufutana yakiwa kinyume kabisa, kilele cha moja juu ya bonde la jingine, kwa wakati uleule. Wimbi la hezi 233 lina urefu wa karibu mita 1.5. Ukisogeza kichwa robo mita tu hesabu imevurugika, na maelfu ya pembe yasiyolingana hayawezi kujibiwa na faili moja lililorekodiwa. Walionunua walipata vuvuzela mbili kwa bei ya moja.

Kilichofanya kazi kilifanyika kabla ya sauti kuchanganywa. Ndani ya kibanda, mtangazaji anaweza kutumia maiki ya mdomoni, ile inayoshikwa kwa mkono kama kikombe na yenye kijiti kinachogusa mdomo wa juu. Kijiti hicho hakikuwekwa kwa mapambo: kinalazimisha umbali wa sentimita 5 na kidogo kati ya midomo na utepe wa ndani unaonasa sauti, na utepe umetengenezwa kupokea vizuri sauti ya karibu sana na kupuuza ya mbali. Mtangazaji akichoka akaishusha hadi kidevuni, faida yote imekwisha. Upande wa majukwaa, maiki za mashabiki zilipunguzwa kwenye meza ya mchanganyo, na maiki ndefu za kando ya uwanja zikaachwa juu kidogo ili teke la mpira lisikike. Gharama yake ni kwamba ukiushusha uwanja, umeshusha pia nyimbo, ngoma na vigelegele vilivyokuwa humo.

Vikandamizi vya sauti vya kituo vilizidisha tatizo. Kazi yake ni kupandisha kilicho chini na kubana kilicho juu. Mechi ya kawaida ina vipindi vya ukimya, kisha mngurumo. Mvumo usiokoma humnyima kikandamizi pa kupumzikia: mtangazaji akivuta pumzi, mashine inaona sauti imeshuka, inapandisha kilichopo, na kilichopo ni vuvuzela. Waliokuwa kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea mpira, vyenye spika kubwa na dari la bati waliipata mara mbili. Mwenye kibanda aliyekimbilia kitufe cha sauti nyembamba alipoteza herufi s na t za mtangazaji na mvumo ukabaki. Kitufe cha kupunguza kidogo ni cha katikati, maana huko ndiko pembe iliko.

Nyani na kelele

Turudi jukwaani. Kwenye ligi ya Afrika Kusini vuvuzela ilikuwa na wakati wake. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi yanaihusisha na msemo wa huko kwamba nyani huuawa kwa kelele nyingi: robo ya mwisho ya mchezo ikifika, mashabiki hupuliza kwa fujo ili wammalize mpinzani. Uwe unauamini asili hiyo au la, ndani yake kuna kanuni. Fujo ni ya mwishoni, na inaogopesha kwa sababu kabla yake kulikuwa na kitu kingine: nyimbo za kupokezana, michezo ya miguu, mashabiki wenye kofia za makarapa zilizokatwa na kuchorwa.

Kombe la Dunia lilikuja na watazamaji wengine. Wengi walikuwa wageni, au wenyeji ambao hawakuwa na desturi ya kwenda uwanjani, na wakauziwa pembe nje ya geti bila kanuni yake. Asiyeujua wimbo anaweza kupuliza, na hapo pana haki fulani, maana pembe humpa mgeni nafasi ya kushiriki. Lakini wimbo wa watu 200 hauna ubavu mbele ya pembe 50. Nyimbo zilinyamaza kwa kuzimwa, na hamu ya kuanzisha nyingine ikafa.

Shamrashamra za uwanjani ni mawasiliano. Asiyeuona mpira, mzee wa kiti cha nyuma au muuza karanga aliye nje ya ukuta, husoma mchezo kwa sauti: mgumio wa faulo, pumzi inayovutwa na watu elfu mpira ukigonga mwamba, kisha goli. Sakafu, yaani mvumo wa uwanja kabla ya tukio, ikiwa desibeli 80 na goli likafika 100, tofauti ni 20 na hakuna anayeikosa. Sakafu ikiwa 97, goli limebakiwa na 3. Ndicho ulichokisikia ulipofumba macho.

Maamuzi

Sepp Blatter, rais wa FIFA wakati huo, alikataa marufuku tangu 2009 akisema Kombe la Dunia la Afrika lisifanywe la Kizungu. Danny Jordaan wa kamati ya maandalizi alizungumzia marufuku kama uwezekano, akawaomba mashabiki wasipulize wakati wa nyimbo za taifa na matangazo ya uwanja. Masincedane nao wakatangaza pembe yenye mdomo uliorekebishwa kupunguza desibeli 20. Kipimo hicho kinalinda masikio vizuri sana, lakini hakigusi kabisa suala la sauti moja isiyokoma.

Tarehe 1 Septemba 2010 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikapiga marufuku vuvuzela kwenye mashindano yake yote, na hoja yake haikuwa desibeli pekee: ilisema pembe inafunika kupanda na kushuka kwa hisia za mashabiki. Hapo waliona sawasawa, ingawa ni rahisi kuona sawasawa ukiwa na nyimbo zako mwenyewe za kulinda. Brazil ilijaribu njia ya tatu kwa ajili ya 2014: caxirola ya Carlinhos Brown, kayamba la plastiki la mkononi lenye mlio mdogo, lililotokana na caxixi, kayamba la jimbo la Bahia. Tarehe 28 Aprili 2013, kwenye mechi ya klabu za Bahia na Vitória huko Salvador, mashabiki wenye hasira waliyarusha uwanjani kwa mamia. Mwezi uliofuata ikazuiwa. Waliopima mlio wake walisahau kupima inavyokaa mkononi mwa mtu ambaye timu yake imefungwa.

Kundi linalotaka pembe

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 2006, miaka minne kabla ya yote haya, Pedro Espi-Sanchis alikuwa ameanzisha okestra ya vuvuzela huko Cape Town. Alizikata kwa urefu tofauti ili kila moja iwe na sauti yake, na wapulizaji wakapokezana: kila mtu sauti moja, wimbo ukizaliwa kwenye zamu. Ni ufundi wa zamani kusini mwa Afrika. Tshikona ya Wavenda huchezwa hivyo kwa filimbi. Tawi la mashabiki linaweza kuufuata kwa pembe tisa.

Ziache tatu na urefu wake wa sentimita 65. Tatu zikate kama sentimita 8, zipande hadi karibu hezi 261. Tatu za mwisho zikate kama 15, zifike karibu 294. Ukate upande mpana tu, kamwe si upande wa mdomo. Tumia msumeno wa chuma, zungushia tepu kwanza mahali pa kukata ili ukingo usipasuke, na mara ya kwanza kata pungufu kwa sentimita moja, kwa kuwa tundu la upande mpana likiwa jembamba sauti hupanda zaidi ya hesabu. Pasha bomba kwa kulipuliza dakika mbili, pima kwa programu ya kupima sauti ya simu, punguza kidogo kidogo, malizia kwa msasa. Kosa la kawaida ni kupima bomba la baridi. Uwanjani litapanda, nawe umeshakata.

Tisa kwa pamoja zinafika kama desibeli 122 kwa mita 2, kwa hiyo pa kukaa ni safu ya mbele kabisa, pande pana za pembe zikielekea uwanjani, pasiwe na kichwa cha mtu mbele. Wote tisa wavae vizibo. Ngoma ndiyo inayoongoza, na kiongozi ageuzie uwanja mgongo amtazame mwanzisha nyimbo. Mashabiki wa AFC Leopards wa Kenya wenye ngoma zao za isukuti wanajua hili bila kufundishwa: kinachobeba uwanja ni mdundo, na mdundo una mapengo. Pembe zipige mapigo manne na kunyamaza mapigo manne, wimbo uingie kwenye pengo. Zinyamaze kabisa wakati wa nyimbo za taifa, mchezaji akiumia, na kipaza sauti cha uwanja kikizungumza.

Goli likiingia, pembe zote zinyamaze sekunde kumi za kwanza. Hapo ni zamu ya makoo. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa mara nyingi kuliko zote, kwa sababu pembe iko mdomoni na furaha haisubiri. Ifungwe kamba ya shingoni kwenye kila moja, ndefu kidogo kuliko kifua, ili mtu aiachie ining'inie na mikono ibaki huru.